Siku Trei za Nyaya Zilipojipinda Mbele ya Mkwe

Jamani, kuna aibu mtu anazikwa nazo, lakini hii yangu waliiona wengi kwa macho yao, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mashemeji zangu wanaopenda kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo anafungua biashara yake, na tajiri mmoja akajenga kinu cha kukamua alizeti pale Singida mjini, na kazi ya umeme tukapewa mimi na bosi wangu, Fundi Shabani. Nyaya zilipita juu, chini ya bati, zimelazwa kwenye trei za chuma zilizoungana kutoka ukuta mpaka ukuta (jengo refu hilo, kumwita mtu wa upande wa pili lazima upaaze sauti). Tulizifunga mwezi wa saba, asubuhi, na upepo wa Singida mnaujua, vidole vinakataa hata kushika spana. Fundi Shabani akaniambia, "Yohana, kwenye maungio yote acha uwazi kidogo, na bolti za hapo usizikaze sana. Chuma kikipata joto kinarefuka." Akaenda kufuata vifaa.

Mimi nikautazama ule uwazi, nikaona unaniharibia kazi, maana nilikuwa nimemposa Debora wa kule Mtinko, na baba yake, Mzee Ntandu, alishasema hatoi jibu mpaka aione kazi ya huyu kijana. Basi nikasukuma trei zikagusana, nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu zote, mstari ukanyooka, nikashuka ngazi najisifu. Bosi aliporudi akauliza, "Umeacha?" Nikasema nimeacha (ndiyo, nilidanganya).

Kinu kikafunguliwa mwezi wa kumi, jua la kupasua kichwa. Wageni wamejaa, Mzee Ntandu kavaa koti lake la kanisani, mkewe pembeni, Debora ananitazama kwa fahari, nami kifua mbele. "Shikamoo baba. Zile pale juu ndizo kazi yangu."

"Marahaba." Akainua kichwa, akatazama weee, kisha akauliza kwa upole, "Mbona zimepinda kama upinde?"

Nikainua macho. Kweli! Bati juu linachoma, jiko la kupashia alizeti linafuka chini, na trei zangu zinazidi kurefuka wakati nimezinyima pa kwenda. Kabla sijapata la kusema, bolti ikakatika, PAA! kama bunduki, trei ikaruka upande, vumbi likatumwagikia, mtu akapiga kelele, "Paa linaanguka!" na hapo, ndugu zangu, sikumtafuta Debora, sikumshika mama mkwe, nilimpiga kikumbo mzee mlangoni, nikatoka mbio, nikajikwaa, nikatumbukia kichwa mbele kwenye lundo la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

Fundi Shabani alizima swichi kuu, akahakikisha hakuna aliyeumia, ndipo akaja nje. "Yohana, ule uwazi uliuacha?"

"Sikuacha, fundi," nikajibu, mashudu mdomoni. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mzee Ntandu hakucheka. Akanisogelea akijifuta vumbi. "Kijana, siku nyumba ikiungua, binti yangu utamwacha ndani?"

Nikatema mashudu. Nilijua posa imeishia pale pale.

"Baba," Debora akadakia kwa aibu, gauni limechanika pindoni, "mimi nilitoka kabla yake. Nilipita dirishani."

Mzee akamtazama binti, akanitazama mimi, akashika ukuta kwa kicheko. "Basi chukuaneni! Mkiachana, nani mwingine atawaweza kwa mbio?"

Kesho yake nilipanda ngazi nikafungua maungio yote na kuacha uwazi, Fundi Shabani amesimama chini anakagua moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo chuma nakiachia nafasi yake, na mgeni akiniambia maungio yangu hayajakutana, namwambia arudi kuyatazama saa nane mchana.