Jogoo Aliyetolewa Rasmi

Jogoo huyo akiwika, treni za Park Station husimama kusikiliza. Naapa. Jirani yangu, mama fundi cherehani kutoka Bukavu, alimfuga kwenye roshani ya ghorofa ya tano hapa Joubert Park, ndani ya kreti la soda lenye pazia la kitenge. Tangu binti yake aolewe Cape Town, jogoo ndiye aliyebaki wa kuongea naye. Akimpima mteja kiuno, humwuliza jogoo maoni.

Mtu akashtaki, tukaitwa kwenye kikao cha diwani. Mama akanichagua mimi niwe msemaji wake, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya usiku, na cheti changu nilikitundika mahali pa televisheni.

Ajenda ilikuwa ndefu kuliko mwaka wa njaa. Alianza mbuzi anayelala chini ya robot, yaani taa za barabarani, na kuvuka ikiwaka ya kijani tu, jambo ambalo madereva wa teksi waliliona ni dharau kwao. Akafuata mzee mwenye paka kumi na wanane, aliyeshikilia kwamba ni paka mmoja, ila ana mbio. Halafu sisi.

Nikasimama, nikakohoa kisomi. "Waheshimiwa, jogoo huyu ni mtumishi wa umma! Walinzi wote wa jengo letu wanaamshwa na yeye. Sauti yake inafika mpaka Midrand!"

Karani akaandika yote. Shtaka lenyewe, nilikuja kukumbuka, lilikuwa la kelele.

"Mwalimu," mama akaninong'oneza, "kwani unamutetea nani?"

Ikaamuliwa jogoo achukuliwe Alhamisi.

Alhamisi akaja afisa wa wanyama na tundu lake, akihema; lifti yetu iliharibika enzi za Nuhu. Akakuta chai, mandazi, na jogoo kafungwa miguu kwa utepe mwekundu.

"Papa, usimukamate," mama akasema. "Mimi nakupatia. Mugeni hatokangi kwangu mikono mitupu."

Nikatafsiri. Afisa akanitazama. "Eish, bhuti, lakini mimi nimekuja kumkamata."

"Ukimukamata, iko mufungwa," mama akajibu. "Nikikupatia, iko zawadi. Zawadi wanaitunzaka." Hakulia, ila alizungusha uzi kidoleni mpaka ukakatika.

Fomu nikaachiwa mimi msomi. Palipoulizwa mnyama amepatikanaje, nikaandika kwa hati ya kupendeza: "Zawadi kwa afisa, kwa moyo mweupe." Akasaini bila kusoma, andazi mdomoni.

Siku zilizofuata mama alishona suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Mteja hakuthubutu kulalamika.

Jumatatu hodi. Afisa, jogoo kwapani.

"Mama, nakuomba umchukue! Mfanyakazi wa jiji haruhusiwi kupokea zawadi. Bosi ameisoma fomu mbele ya kamati nzima. Wananiuliza hata mandazi nilikula mangapi!"

Mikono ya mama ikainuka yenyewe, akairudisha chini. "Siwezi, papa. Zawadi hairudishwi. Itakuwa nimekutukana."

"Nitafukuzwa kazi!"

"Pole sana. Kunywa chai."

"Chai hapana!"

Tukabaki tumesimama mlangoni, watu watatu na jogoo, kila mmoja akimtaka mama ampokee, mama mwenyewe akiwa wa kwanza. Hapo ndipo shule ya usiku ilipolipa.

"Bhuti," nikamwambia afisa, "sheria inakukataza kupokea. Je, inakukataza kutoa?"

Akafikiri mpaka jasho likamkauka. Akampigia bosi. Huko wakapekua makaratasi, tukasikia yakipekuliwa. Hakuna mstari unaokataza.

Basi afisa akavua kofia, akamshika jogoo kwa mikono miwili. "Mama, jiji linakupa jogoo."

Mama akapiga goti, akampokea kwa mikono miwili vilevile. "Oh, papa! Mungejisumbua ya nini?" Kisha akamfuta uso kwa kitenge, kama mtoto aliyetoka safari.

Jogoo akawika. Bosi, ambaye hakuwa amekata simu, akauliza kelele hizo ni za nini.

"Ni zawadi yenu, mheshimiwa," nikamjibu. "Inashukuru."