Djamila na Turubai la Bwalya

Kama umewahi kunyolewa mtaani Hewa Bora, umewahi kukaa mbele ya kazi ya Djamila. Zile sura za wanaume ukutani kwa kinyozi, wenye nywele laini kuliko za mtu yeyote aliye hai, ni zake. Kuku mnene wa banda la nyama choma ni wake. Jino kubwa jeupe la mng'oa meno, linalowatisha watoto wa mtaa mzima, nalo ni lake, na analipenda kuliko yote. Miaka ishirini na miwili amepaka kuta za watu katika mitaa yote ya Kampemba, na akimaliza anarudi nyumbani kuchora vitu ambavyo hakuna aliyemwagiza.

Hivyo vya nyumbani ndivyo vilivyokuwa roho yake, na vilikaa chini ya kitanda. Mwaka mmoja alijipa moyo akaenda mjini, kwenye jumba la sanaa, kutazama tu wenzake wanachora nini. Mlinzi aliziangalia ndara zake zilizojaa rangi, akamuuliza kwa adabu kabisa amemletea nani mzigo. Djamila alicheka njia nzima ya kurudi, alipofika nyumbani akalia. Hapo akaapa kwamba watu wa Hewa Bora wataona picha mlangoni kwao, naye atawaonyesha mara moja tu. Wasipokuja, atabaki na kuku na meno mpaka uzeeni, na hachori tena cha kwake.

Jumamosi moja ya kiangazi akaomba ruhusa kwa mkuu wa mtaa, akamwita Bwalya, yule wa kukodisha turubai na viti vya plastiki. Bwalya alikuja alfajiri, akafunga turubai barabarani, akapanga viti, akaondoka mbio kwa mteja mwingine. Djamila akatundika picha zake kwenye kamba, akavaa kitenge kipya, akakaa. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Mgeni pekee alikuwa bata wa jirani, na hata yeye hakumaliza kuzunguka.

Moyo ulishaanza kuingia maji aliposikia vilio. Wanawake kama thelathini walikuwa wanakata kona, vitenge vimefungwa kiunoni, huyu na gunia la makaa kichwani, yule na unga. Mbele yao alikuwa Mama Chilufya, muuza samaki, ambaye bila sauti yake hakuna msiba unaohesabika katika barabara tatu za hapo mtaani. Djamila akatupa macho kule kona, akaelewa. Bwalya, kwa mazoea ya miaka yote ya kufunga turubai misibani, alikuwa amesimika makuti ya mchikichi pande zote mbili za njia, kama inavyofanywa ili watu wajue kifo kiko wapi.

Kuwaliza watu bure si mzaha. Kuna familia hazijaamkiana miaka kwa kosa dogo kuliko hilo. Kwa dakika nzima alitamani kumuua kwa maneno tu mjomba wake aliyeko Kasongo, ambaye ni mzima na anakula vizuri, ili tu mambo yaende. Lakini mdomo ukakataa.

"Mama, hakuna muntu alikufa," akasema. "Iko picha tu. Nilitaka muone."

Mama Chilufya alikatiza kilio chake. Akaitazama picha ya katikati, iliyotundikwa palepale panapowekwa sura ya marehemu. Ilikuwa ya wanawake bombani asubuhi, na aliye mbele, shingo juu, dumu la manjano mkononi, alikuwa anagombea zamu yake.

"Ule wa bidon ya manjano iko nani?"

"Iko weye, mama."

Mama Chilufya akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Kumbe njo miye nilikufa," akasema, "na hamukuniambia."

Mama Constance, jirani wa ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akadondosha unga. Kicheko kikawapata wote, wengine machozi ya msiba hayajakauka. Na kwa kuwa walikuja msibani, na msibani mtu hachungulii akaenda zake, wakakaa. Makaa yakawashwa, unga ukasongwa bukari, na picha zikaanza kugombaniwa moja moja. Mwanamke mmoja alidai kitenge chake ni cha bluu, si kijani, akaenda kwao kukileta kiwe shahidi. Djamila alikimbia huku na huku akijibu, kichwa chepesi, hajui acheke au ashike ukuta.

Mama Chilufya alimvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba tangu azaliwe sura yake imetolewa mara moja tu, ya carte d'électeur ya kupigia kura, na pale anaonekana kama mwizi. Djamila akamletea kiti, akakiweka chini ya picha yake.

Alasiri Bwalya akaja kuchukua viti vyake. Hakikuwepo kilicho wazi, na waliochelewa walikuwa wamesimama mpaka barabara ya pili. Mama Chilufya alikuwa ameketi chini ya picha yake, akipokea wageni.

"Rudi siku ya tatu," akamwambia. "Kilio ya muntu kama miye haiishi siku moja."

Bwalya alianza kubisha, kisha akaiona ile picha. Akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akasimama kutazama.