Shavu Nililolikanda

Majina yao wote ninayo. La mwanamke wa sindano, la shangazi aliyeniuliza nyuma ya pazia, hata la mteja wa kwanza aliyekuja kuchukua kitambaa chake kwa mume wangu bila kushonewa. Mi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, na mtu asiyesoma huweka kila kitu kichwani. Lakini hapa sitaandika jina la mtu. Wengine wamekufa, na mwenye kosa ni mmoja, ni mimi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita. Usiku bunduki zinalia huko milimani, asubuhi soko la Jabe linafunguliwa kama kawaida, nami nakaa pale na ndagala zangu, dagaa waliokauka, kopo la kupimia juu ya lundo. Watu walikuwa wanakufa. Mimi nilikuwa nawaza mashavu.

Nilikuwa na mashavu mazuri zamani. Kwetu mwanamke anatazamwa mashavu. Yakijaa, watu wanasema kwa mumewe kuna chakula na kuna amani. Miaka kumi ya kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, mashavu yakaingia ndani. Sijafika miaka hamsini, tayari vijana wa sokoni wananiita bibi.

Halafu binti yetu akachumbiwa, na dada yangu mkubwa, aliyekimbilia Ulaya mwanzo wa vita, akatuma foto na salamu kwamba atakuja harusini. Amenizidi miaka sita. Foto ikazunguka sokoni.

“Huyu ni mudogo wako?”

“Ni mukubwa wangu.”

“Wacha muchezo, mama! Huyu we ungemuzaa!”

Wakacheka, nikacheka nao. Nyumbani nikaichukua foto, nikakaa mbele ya kioo, nikajivuta ngozi ya uso kwa vidole viwili.

Mwenzangu mmoja wa sokoni ndiye aliyeniambia habari za mwanamke wa mtaa wa juu wa Kinanira. Alikuwa mganga wa hospitali huko Ulaya, amekuja kumtazama mama yake, na amebeba sindano za uso. Si kisu, akasema, hawapasui. Ni dawa nzito kama utelezi wa bamia. Wanaiingiza chini ya ngozi, shavu linapanda palepale. Nikatoa vitenge vyangu viwili vya sanduku, vile nilivyoweka kwa ajili ya harusi, viwe malipo, nikapanda Kinanira mchana kupitia bariyeri ya askari barabarani, nikiwa nimemwambia mume wangu naenda kumpa pole mfiwa. Mwaka ule hakuna aliyeuliza mfiwa gani. Walikuwa wengi.

Yule mwanamke alinifanyia kwenye chumba cha mama yake, pembeni ya kabati la vyombo. Alikuwa na mikono safi na sauti ya upole. Alipomaliza akanipa kioo, na wallahi nilijiona. Mashavu yamerudi. Akasema, “Mama, sasa usiguse. Usilalie uso, usikande, usiweke kitu cha moto. Wiki mbili.”

“Ndiyo, mwanangu,” nikasema. Moyoni nikasema, huyu Ulaya imemsahaulisha.

Kwa sababu sisi wote tunajua sindano inakandwa. Tangu utoto, ukidungwa penisilini, mama anachemsha maji, anatia chumvi, anakukanda pale mpaka unalia, ili dawa itawanyike mwilini isigande ikawa jipu. Nimewakanda watoto wangu saba hivyo, hakuna aliyekufa kwa sindano. Basi jioni ile nilipogusa shavu la kushoto nikakuta limekaza kidogo, kama punje ya maharage, nikasema dawa imeanza kuganda. Nikaweka sufuria kwenye mbabula ya makaa. Nikakanda kwa kitambaa cha moto, kwa nguvu zangu zote, kama mtu anakanda unga wa chapati. Siku mbili, asubuhi na mchana, mume wangu akiwa nje barazani kwenye cherehani yake.

Siku ya tatu shavu lilikuwa limeshuka mpaka taya. Chini ya jicho kulikuwa na weusi wa bluu, jicho lenyewe limeziba nusu.

“Nini hiyo, mama watoto?” mume wangu akauliza.

“Jino.”

“Twende kwa daktari.”

“Litapoa.”

Akatoka, akarudi na karafuu ndani ya kipande cha gazeti, akaniwekea mkononi. “Tafuna huku,” akasema, “upande huo unaouma.”

Sokoni nikasema vilevile: jino. Muuza chumvi aliyekaa jirani yangu akanitazama, akawatazama wenzake.

“Jino hilo lina ngumi,” akasema.

“Langu la mwaka jana lilikuwa na mukanda,” akajibu mwingine.

“Heri nyinyi mna meno! Langu liliangukia mulango!”

Kicheko kikawa kikubwa. Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimechagua uongo ambao wanawake waliopigwa walikuwa wameshauchakaza zamani. Ningeweza kusema pale pale, hapana, jamani, si hivyo. Lakini nitasema nini? Kwamba wakati watu wanazika watoto wao mi nilipanda Kinanira kununua mashavu? Nikainamisha kichwa. Wakanihurumia. Wakanihamishia kivulini, wakanibebea kikapu, yule wa chumvi akanipa stuli yake. Na niseme ukweli wote, nilipenda. Mume wangu alikuwa mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, na hakuna aliyekuwa amewahi kunipa mimi stuli.

Sikuona mapema kwamba stuli ile ilikuwa inatoka kwenye heshima yake. Kwanza salamu zikapungua pale barazani. Halafu mteja mmoja akachukua kitambaa chake, halafu wa pili. Lakini lililomuumiza lilikuwa la sanda. Yeye ndiye alikuwa anakatia sanda maiti za mtaa, tangu ujana wake, bila kupokea kitu, na miaka ile alikata nyingi mno. Siku moja majirani wakafiwa na mama yao mzee. Akachukua mkasi wake akaenda. Akarudi haraka. Akashona mpaka alasiri, kisha akaniambia, “Binti wa marehemu amesema mukono wangu usiguse sanda ya mama yake.”

“Kwa nini?” nikauliza. Nikauliza mimi!

“Sijui,” akasema, na akanitazama usoni muda mrefu.

Dada yangu akafika siku nane kabla ya harusi. Alishuka na mzigo wake, akanikumbatia, akanisukuma nyuma kidogo ili anione. Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo.

“Nani alikudunga?”

“Ni jino, dada.”

“Mudogo wangu, mi nadungwa kila mwaka, utanidanganya mi? Nani alikudunga, na nani alikukanda hivi?”

Nikamwambia. Alicheka kwanza, akashika tumbo. Nilipomweleza habari za sanda akaacha kucheka. “Sasa hivi,” akasema, “vaa kitenge, twende tuseme.” Nikamshika miguu. Nikamwapisha kwa kaburi la mama yetu asifungue mdomo.

Siku iliyofuata wakaja watu wa bwana harusi. Wanaume walikaa sebuleni na mume wangu na wazee wawili wa msikiti. Wanawake tulikaa chumbani kwenye mkeka, pazia katikati. Shangazi wa kijana, mwanamke mwenye heshima, akaja moja kwa moja kwenye neno.

“Mama bibi harusi, tusikasirikiane. Kesho kijana wetu akigombana na muke wake, nani atakuja kuwasuluhisha? Ni baba mukwe. Sasa baba mukwe mwenyewe akiwa mutu wa kupiga, atasuluhisha nini? Sisi tumesema hivi: aombe radhi mbele ya wazee, ama mudogo wake akae mahali pake siku ya ndoa, yeye ndiye amutoe binti.”

Mtu kukataliwa kumwoza binti yake wa kumzaa, naye yuko hai na ana akili zake.

“Lakini kwanza tukuulize we,” akasema. “Maana tusije tukamuonea. Alikupiga?”

Dada yangu akanifinya paja. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, hapana, la herufi chache, hata mtu wa darasa la tatu analiweza. Nyuma yake kulikuwa na lingine: basi uso huo umefanywa nini? Nikatazama mkeka. Nakumbuka ulikuwa na mistari ya zambarau na kijani, na mmoja umekatika. Nikanyamaza.

Kunyamaza kwa mwanamke, kwetu, ni jibu. Shangazi akapiga ulimi kwa huruma, akasogeza pazia, akasema kitu kwa wanaume.

Nikasikia mume wangu anauliza, “Mwenyewe amesema nini?”

“Amenyamaza,” akajibu mzee mmoja.

“Amenyamaza,” mume wangu akarudia, taratibu. Kisha nikasikia kiti kinasogea, amesimama. “Basi nisameheni. Nisameheni wazee wangu, na yeye anisamehe. Haitarudi.”

Chumbani wanawake wakasema alhamdulillahi. Dada yangu aliinuka akaenda kukaa peke yake jikoni.

Harusi ikafanyika. Mume wangu alimwoza binti yake. Kwenye foto zote mi nimegeuza upande wa kulia. Siku ya kuondoka dada yangu alinipa mkono, hakunikumbatia. “Uso wako utapoa,” akasema. “Wa shemeji je?”

Na kweli ulipoa. Wiki chache nikawa kama zamani, mashavu ndani. Ndipo nikaenda barazani nikakaa chini karibu na miguu ya mume wangu, cherehani inakwenda, nikamwambia yote, tangu foto mpaka maji ya chumvi. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Nilijua si jino,” akasema. “Karafuu ulikuwa unaitupa.”

“Ulifikiri nini?”

“Nilifikiri ni askari. Pale bariyeri, siku ulipokwenda kutoa pole. Nilifikiri wamekufanyia kitu ukaona haya kuniambia. Nikasema, afadhali watu waseme ni mi.”

Sikuweza kuinua macho. Akapitisha uzi upya kwenye sindano ingawa haukuwa umekatika.

“Basi enda uwaambie,” akasema.

“Nitaenda.”

Sikwenda. Nilisema Ijumaa, nikasema baada ya Ramadhani, nikasema vita ikiisha. Vita ikaisha. Mwanzo alikuwa akirudi msikitini ananitazama, kama mtu anayengoja chai. Baadaye akaacha kutazama. Hakuniuliza tena hata mara moja, na sanda hawakumrudishia. Alipokufa, yake ilikatwa na kijana aliyejifunzia kwake, na ilikatwa vibaya.

Ningekufa nayo. Lakini mwaka jana mjukuu wangu, binti wa yule binti, alikuja kwangu na mfuko wa nguo na alama ya vidole shavuni. Mama yake alikuwapo. Nikamsikia anamwambia, “Rudi kwako. Ndoa ni kuvumilia. Bibi yako hapa alipigwa mpaka jicho likaziba. Ulimusikia akisema? Waliishi mpaka kifo kikawatenganisha.”

“Babu yake hakunipiga,” nikasema.

“Mama, usimutetee marehemu. Mi niliona kwa macho yangu.”

Nikawaambia. Binti yangu alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza mzee aliyechoka. “Sindano za mashavu,” akasema. “Wakati wa vita. Mama, heri ungebaki na jino.” Akainama kuchukua mfuko ili amrudishe mtoto kwa mumewe. Nikaukalia ule mfuko. Kwa uzito wangu wote wa uzee nikaukalia, akanivuta mkono, nikakataa, mpaka akaondoka bila kuniaga.

Kesho yake nikamshika mjukuu wangu bega, tukaenda Nyakabiga kwa yule shangazi wa bwana harusi, maana bado yu hai, macho tu ndiyo yamekwenda. Nikakaa karibu na kitanda chake, nikamwambia kwa sauti ili asikie vizuri: mume wangu hakunipiga. Hata kofi la mzaha. Aliomba radhi kwa kitu ambacho hakukifanya.

Alinitafuta mkono, akaupata, akaupapasa.

“Mambo ya zamani hayo, mama,” akasema. “Usijisumbue. Tulishamusamehe siku nyingi.”