Faulo ya Tano ya Mke Mwenzangu

Siku hizi mjukuu wangu ananiamkia. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule anasimama mlangoni, mkoba mgongoni: "Shikamoo, bibi." Mama yake anafurahi, anasema mtoto amepata adabu. Hajui kitu. Mimi na huyu mtoto hatukuwahi kuamkiana kwa heshima tangu ajue kusema. Kwetu Tanga mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na wake wenza hawapeani shikamoo, wanachokozana. "Umeamka, kizee? Mume wetu jana alilala kwangu," ndivyo alivyokuwa akiniambia, na marehemu babu yake hata hakumjua. Nami namjibu: "Mchukue moja kwa moja, anakoroma."

Shikamoo hii ilianzia uwanjani.

Nilikuja Guangzhou kumlea yeye, mama yake apate kushinda soko la Shahe akinunua nguo za kupeleka nyumbani. Jumapili watoto wetu na wa majirani Wachina hucheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji nyuma ya majengo. Zamani filimbi ilikuwa ya kijana mmoja aliyesomea udaktari. Alipomaliza akaondoka, wakabaki watoto, na wazazi wanaogombana. Nikaiomba mimi. Shule niliachia darasa la nne, lakini netiboli nilicheza mpaka mimba ya pili, na macho ninayo. Mwanzoni niliwatesa. Kwenye netiboli ukidaka mpira hutembei nao, kwa hiyo hata aliyekuwa akiudunda vizuri nilimpulizia. Wakanicheka, nikajifunza. Nasema bila haya, nimekuwa refa bora kuliko yule daktari, maana yeye aliwaogopa akina mama na mimi siogopi mama wa mtu.

Ndivyo nilivyojidhania.

Jumapili moja mwalimu wa michezo wa shule ya mjukuu wangu akaja kumwangalia. Timu ya shule ilikuwa imebakiza nafasi moja, na mke mwenzangu aliitaka mpaka akawa analala na mpira kitandani. Alicheza siku ile, mrefu, mwembamba, viwiko nje kama kuku anayefukuzwa. Ila faulo alikwisha kuwa nazo nne, zote za haki. Ya tano inamtoa.

Zimebaki dakika chache, mama mmoja wa Kichina akaninyooshea kidole, akawaambia wenzake kwa sauti kwamba refa ni nainai wake. Nainai ni bibi. Neno hilo nalielewa hata usingizini. Wakacheka. Na mmoja wetu, mfanyabiashara wa viatu, akachochea kwa Kiswahili: "Haya bibi, leo tutajua kama damu ni nzito kuliko maji."

Mpira ukagonga chuma, wakaurukia wawili, yeye na binti wa yule mama. Binti akaanguka. Mkono wa mjukuu wangu uligusa mkono wa mwenzake au uligusa mpira? Sikuona. Mgongo wa mtoto mwingine ulinikinga. Na sheria naijua vizuri: usichokiona hukipulizii.

Nikapuliza. Nikaigeukia meza ya wanaoandika pointi na faulo, nikanyoosha vidole vitano.

Mwalimu hakungoja mwisho. Alifunga zipu ya koti, akaenda zake. Nafasi alipewa mwingine, ila sisi tulijua tangu pale.

Tulirudi kwa miguu, manyunyu yameanza. Hakulia. Tukiwa tunasubiri lifti akaniuliza, bila kunitazama:

"Uliona?"

Kwetu mtoto akikosa hukimbilia nyuma ya bibi, na fimbo ya mama inaishia kwenye kanga ya bibi. Mimi ndiye niliyempiga fimbo, tena mbele za watu, ili watu wasinicheke. Ningemwambia hivyohivyo, angenitukana matusi yote ya ukewenza, tungefika juu yameisha. Lakini nilikuwa nimesimama pale na filimbi shingoni, na kiburi changu.

"Niliona," nikasema. "Ulimpiga mkono."

"Haya, bibi."

Lifti ikafunguka. Akaushika mlango kwa mkono, akasogea kando, nitangulie mimi, kama mtu anavyompisha mgeni.