Sindano Tatu za Ganzi

Mimi ni muuguzi, na mdogo wangu aliyekufa nilimchoma ganzi kwa mikono yangu hii. Naanza na hilo maana nimechoka kulizungukia.

Alikuwa mchimbaji kule Rwamgasa, karibu na zahanati niliyofanyia kazi. Kipande cha jiwe kilimchana kiganja, na baada ya siku nne mkono ukavimba, ukawa wa moto. Nikamwambia alazwe, apewe dawa kwa mshipa. Akacheka. Duara lao, yaani shimo walilochimba pamoja, lilikuwa limegusa jiwe lenye dhahabu, na kule asiyekuwepo mawe yanapopandishwa hana mgao. Alikuwa ameisubiri siku hiyo shimoni miezi minane.

"Dada, nichome ganzi tu niweze kushika kamba. Jumapili nitalala hospitali hata mwezi mzima."

Ningeweza kukataa. Lakini kwenye semina moja mjini Shinyanga nilimsikia daktari akisema watafiti wanachunguza kama dawa za ganzi, mbali na kuua maumivu, zinaweza kupoza ile hasira ya mwili vijidudu vinapoingia kwenye damu, pale kinga inapogeuka kuushambulia mwili wenyewe. Alisema wazi kwamba bado ni utafiti, na kwamba antibayotiki haina mbadala. Mimi mjinga nikabaki na ile nusu niliyoipenda. Nikamchoma pembeni ya kidonda, nikampa na vidonge vya antibayotiki. Kesho yake niliona kama uvimbe umepungua, nikajisifu moyoni, nikamchoma tena. Keshokutwa vilevile.

Siku hiyo ya tatu wenzake walimvuta juu akitetemeka, anahema harakaharaka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda mpaka kwapani. Vidonge vyote tulivikuta mfukoni mwake. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakuona sababu ya kuvimeza.

Hospitalini Geita daktari akaziona alama za sindano. "Nani alimchoma?"

"Sijui," nikasema. Nilijichukia hata kabla sijafunga mdomo.

Alifariki siku iliyofuata, mchana, sumu ikiwa imeenea kwenye damu. Msibani mama alinishika mikono mbele ya wanawake wote.

"Wabeja, mwanangu. Asante. Wenzake wameniambia ulimtuliza maumivu mpaka mwisho."

Nikamjibu, "Haya, mama." Mpaka leo sijamwambia ukweli.