Mabega ya Watu wa Mbeleni

Nilipohamia Kitale nilikuwa na cherehani moja, sanduku la nguo na ndoa iliyokwisha. Nilikuwa nimeolewa Bungoma kwa miaka saba bila kupata mtoto. Siku mume wangu alipoleta mwanamke mwingine nyumbani, hakuna aliyenifukuza, lakini mimi ndiye niliyeondoka.

Nilikodi chumba karibu na soko. Mbele nilishona, nyuma ya pazia nililala. Kazi yangu ilikuwa sare za shule, sketi za buluu na kaptula za kijivu. Kuna wiki zilizopita bila mimi kusema lolote isipokuwa vipimo: kiuno ishirini na nne, urefu ishirini na nane, geuka, mkono inua, asante.

Mwaka wa nne akaingia mwalimu mmoja, msichana aliyefundisha sanaa upande wa Saboti. Kwao kulikuwa Bungoma, na huko alikuwa amekusanya vijana kumi na wawili waliokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa wakitayarisha onyesho.

"Fundi, sasa?"

"Poa. Ni sare ya nani?"

"Si sare. Nataka nguo za watu wa miaka mia mbili ijayo."

Nikacheka. "Za wazungu?"

"Za sisi. Watu wa hapa hapa, wa Bungoma na wa mlimani." Alikuwa na jina la jambo hilo, Afrofyucha, na alilisema bila haya. "Ukiangalia zile video za watu wanaoruka angani, umewahi kuona anayefanana na shangazi yako? Si ni kama mtu alikaa akaamua sisi hatutafika?"

Nikamwambia achore, mimi nitashona. Akakataa. "Hapana, fundi. Wewe ndiye utafikiria."

Alipoondoka nilichukua chaki na karatasi ya kukatia. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa. Nilichochora mwishowe ni kola ya sare.

Jumamosi hiyo nikaenda Bungoma kuwaona wakifanya mazoezi. Tangu niondoke sikuwa nimekanyaga huko. Nilipita njia ya nyuma, kichwa chini, kana kwamba nilikuwa nimeiba kitu. Ukumbini kijana mmoja alikuwa akipiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi. Juu ya ngozi ya ala hiyo alikuwa amebandika kipaza sauti cha simu ya zamani, na waya ukaenda hadi kwenye spika ya redio. Sauti ilitoka kama ya babu anayeongea kutoka mbali sana. Wenzake walicheza kamabeka, ngoma yetu inayochezwa kwa mabega. Miguu ilitulia, mabega yakatetemeka, na hapo nikajua. Nguo ningeianzia mabegani.

Siku hizo watu walikuwa wakitupa kanda za kaseti, na wenye maduka ya video walikuwa na CD zilizokwaruzika tele. Niliomba zote. Nilikata CD kwa mkasi wa kukatia bati, nikazitoboa, nikazishonea juu ya mifuko ya mbolea iliyooshwa, kipande juu ya kipande kama magamba ya samaki. Mgongoni nikaning'iniza utepe wa kaseti mpaka magotini, mweusi, wenye kung'aa, uliotoa mchakacho kila mchezaji alipotembea. Vidole vyangu vilijaa mikwaruzo. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilisahau kula kwa sababu nzuri.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alituketisha kwenye duara. Kila mmoja aseme katika dunia hiyo ya mbeleni yeye ni nani, na yuko na nani. Msichana mmoja akasema ni rubani, chombo chake kinaondokea juu kabisa ya Mlima Elgon, na amebeba binamu zake wote hata yule mgomvi. Wakacheka. Zamu yangu ikafika.

"Mimi ni fundi wa nguo."

"Na uko na nani?"

Miaka mia mbili mbele, dunia nzima imeumbwa upya, na bado nilijiona nimekaa chumbani peke yangu na cherehani.

"Bado nafikiria," nikasema. Mwalimu akaendelea na mwingine.

Onyesho lilikuwa pale pale ukumbini, saa tisa mchana. Jua lilipoingia madirishani na mabega yakaanza kutetemeka, ukuta wote ulijaa vipande vya mwanga vikikimbizana. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama pembeni na sindano yangu, nikalia kidogo.

Baadaye kila mchezaji alikumbatiwa na watu wake. Mimi nilikuwa nikikunja nguo. Nilipoinua macho, aliyesimama mbele yangu alikuwa mama mkwe wangu wa zamani. Binti yake ndiye mama wa mmoja wa wachezaji.

"Ati ni wewe umeshona hii?"

"Ni mimi, mama."

Akachukua bega la nguo moja, akaligeuza aone mishono ya ndani. "Kwangu ulishona mapazia tu."

"Mliniomba mapazia."

Akalipapasa lile bega. "Siku ulienda, nilikuwa jikoni. Nilikuona na hiyo mashini kichwani. Heri ningetoka."

"Ungesema nini?"

"Sijui. Lakini ningetoka."

Mjukuu wake akamwita, wapigwe picha. Akaniwekea bega lile mikononi taratibu, akaenda. Nilitaka kumwita arudi, lakini sikujua nimwite nani sasa.

Vijana walicheza tena Kitale, halafu Kapsokwony. Kisha mwalimu akahamishwa mbali, wengine wakaenda vyuoni, kundi likaisha bila mtu kutangaza. Nikarudi kwa sketi na kaptula.

Ila kila Jumapili baada ya ibada, soko likiwa limetulia, nilishona nguo moja moja ya mbeleni, ya saizi yangu. Niliivaa, nikasimama mlangoni. Watoto wakipita walinipigia kelele, "Niaje, mama wa anga!" nami niliwaitikia. Wakishapita, nilibaki hapo nimeivaa, nikiangalia watu wakirudi makwao wawili wawili, hadi baridi ya jioni iliponirudisha ndani.