Picha Niliyoamuru Ifutwe

Mpiga picha wetu wa Mazwi amekufa. Habari ilinikuta uani asubuhi nikipepeta ulezi, na upepo wa huku juu mnaujua, ule unaokata masikio. Aliyeileta ni jirani yangu muuza maandazi. Hakupiga hodi wala hakusalimia, alisimama na beseni lake kichwani akasema, "Mama, yule wa kamera hatunaye." Nikamwuliza, "Hatunaye vipi, amehama?" Mtu ukizeeka unajifanya hujasikia, ili neno lichelewe kidogo kufika. Akasema ni kifua, amelazwa siku tatu tu, na kwao Mpui wameshaanza kuchimba. Nikaendelea kupepeta. Jirani yangu ndiye aliyenishika mkono, akanionyesha kwamba ulezi wote nimeumwaga chini na kwenye ungo yamebaki makapi. Nyie mnaonisoma hapa mnanijua, mimi si mtu wa machozi, na mara ngapi nimewasema humu humu wale wanaolia misibani kwa sauti ya kutafuta sahani. Leo mnivumilie.

Jina lake sitaliandika. Alikuja mjini akiwa kijana, mtoto wa wakulima, miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika kupitia Tunduma: redio, mitumba, baiskeli zenye gia, mpaka kamera. Ya kwanza ilikuwa ya mkanda. Picha thelathini na sita, basi. Mkanda ukiisha aliufunga kwenye bahasha akampa kondakta wa basi la Mbeya, ukasafishwe huko, maana kwetu mashine ya picha za rangi haikuwepo. Zilichukua wiki mbili, na masika barabara ikiharibika, hata mwezi. Tulisubiri. Picha ikija umefumba macho, basi umefumba macho. Hukuwa na wa kumgombeza, uliitia kwenye fremu ukaitundika ukutani na macho yako yaliyofumba, na wageni wakija walikujua. Wala hatukuona ni tatizo. Tulichukua tulichopewa.

Halafu zikaja hizi za dijitali. Siku moja akasikia kuna mtu anauza moja kubwa, iliyotumika, yenye lenzi ya kuchomoa na flashi ya kupachika juu. Alirudi Mpui akauza maksai wake wa kulimia. Baba yake, mzee mkali kunizidi mimi, alimwambia mbele za watu, "Umeuza miguu minne ukanunua jicho moja. Utalimia jicho?" Hawakusemeshana msimu mzima. Lakini jamaa alikuwa fundi. Mwezi wa sita baridi ikibana, betri za flashi zilikuwa zinakufa mapema, basi alikuwa anazibeba kwapani, mbili kulia mbili kushoto, anatembea kama kuku aliyelowa mpaka afike kwenye shughuli. Akiingia jikoni kwenye mvuke wa vyungu, lenzi inapata ukungu, anakaa kwenye kigoda anasubiri ipate joto kama mgeni mwingine yeyote, na kula anakula. Na kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina dari, juu ni bati tupu lililopakwa masizi, flashi ukiielekeza juu mwanga haurudi, unaliwa na giza. Ukiielekeza usoni, watu wanatoka wamekodoa kama waliokamatwa. Yeye alimpa mkewe shuka jeupe, akalitanda pembeni, akaupiga mwanga kwenye shuka, nao ukarudi kwenye nyuso zetu taratibu kama wa dirishani. Ngozi zetu nyeusi zikatoka nyeusi, zinang'aa. Alifundishwa na nani? Hakufundishwa na mtu. Alifikiri.

Nitawapa kimoja mcheke, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Aliitwa kule bondeni na mfugaji mmoja, hawa wenzetu waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alitaka picha yake na dume lake kubwa. Wamesimama vizuri, mwenye mali kavaa koti, flashi ikapiga. Dume likaruka, likavunja ua, likaingia kwenye mahindi ya jirani likimburuza mwenyewe na koti lake. Watu wakadhani mpiga picha leo ataliwa nyama. Mzee wa watu akarudi na matope hadi kwenye kope, swali lake la kwanza, "Imetoka?" Akaonyeshwa kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Akaangalia sana. "Ng'ombe katoka vizuri. Mimi nifute, yeye abaki." Akaelezwa kwamba haiwezekani kumfuta mtu mmoja. "Basi kamera yenu bado," akasema.

Lakini hicho kioo cha nyuma ndicho kilichotuharibu. Kabla yake hakuna aliyekuwa na amri juu ya picha. Kilipokuja, kila mtu akawa bosi. Mpiga picha hajashusha mkono, vichwa kumi vimeshainama juu ya kamera: futa hii, nimetoka mnene, futa hii, kilemba kimeenda upande, futa, huyu simtaki tena. Kwa sisi watu wa makamo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu tulilelewa kwamba picha ni jambo la heshima. Unasimama wima, mikono chini, mdomo umefungwa, unaitazama kamera kama unavyomtazama hakimu. Kucheka kwenye picha ilikuwa utovu wa adabu. Na yeye alikuwa na memori kadi moja tu, ikijaa hapigi tena, kwa hiyo ukisema futa, alifuta.

Siku ya ubatizo wa mjukuu wangu alikuja kwangu. Mama wa mtoto ni binti yangu wa mwisho. Tulikuwa tumepanga watu mbele ya nyumba, mimi katikati, binti yangu kulia kambeba mtoto, mkewe mpiga picha na shuka lake pembeni kwa sababu kulikuwa na kivuli. Mimi nikawa nawapanga watu kwa sauti, wewe sogea, wewe ondoa mkono kiunoni, na wakati nafoka hivyo kuku akaruka juu ya bega langu akatulia. Sikumhisi, nimevaa sweta nzito. Nikaendelea kutoa amri na kuku begani. Binti yangu akaniona. Alicheka, jamani. Alirusha kichwa nyuma, kilemba kikadondoka, mwanya wake wote nje, machozi yanamtoka, na mtoto kifuani anatikisika kwa kicheko cha mama yake. Hapo hapo flashi ikapiga.

Nikanyoosha mkono nikasema, "Lete nione." Akaniletea, anatabasamu. "Mama, hii ndiyo ya leo. Hii hata ukipewa nyingine mia, hii ndiyo." Nikaitazama. Nikasema, "Hii nini? Meno yote nje kama mahindi ya kuchoma. Padri ataiona hii. Futa." Binti yangu akasema, "Mama, iache bwana, nimeipenda." Nikamwambia, "Wewe umeipenda kwa sababu huna haya. Futa, baba." Akanitazama kidogo, kidole juu ya kitufe. Nikasema mara ya tatu. Akafuta. Tukasimama upya, wima, midomo imefungwa, na hiyo ndiyo picha niliyoletewa.

Mtoto hajaanza kutambaa, mama yake akateremka Wampembe, kule ziwani, kununua samaki wakavu, migebuka, wa kuja kuuza mjini. Sisi wa huku juu kwenye baridi mbu wa ziwani hawatujui, na wakitujua hawatuachi. Alirudi na homa. Siku ya nne tukamzika. Picha tuliyoweka juu ya jeneza ni ile ya kusimama wima. Watu walipita mmoja mmoja kuiaga, na nikamsikia rafiki yake mmoja akinong'ona kwa mwenzake, "Sasa huyu ni nani?" Sikukasirika. Nami nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mpiga picha. Nilimkuta barazani anafuta lenzi kwa kitambaa laini. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua ile picha."

Hakuuliza ipi. Akakaa chini tena, polepole. "Mama, uliniambia niifute."

"Nilikwambia. Ndiyo ukafuta?"

"Ulisema mara tatu."

"Mimi ni mzee, nasema mambo mengi! Wewe ndiye mwenye kamera. Wewe ndiye uliyesema hii ndiyo ya leo. Ulishindwa nini kunidanganya?"

Aliendelea kuisugua ile lenzi, anasugua palipo safi. Nami nikaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo nikamnyima salamu. Kwa miaka. Akinikuta sokoni anashuka kwenye baiskeli, "Shikamoo, mama," mimi napita kama nimepita mti. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba yule ni mzembe, amemfuta mwanangu. Ninyi mlionisikia nikisema hivyo, leo nawaambia nilisema uongo. Mwanangu nilimfuta mimi. Yeye alikuwa mkono tu, na mkono wenyewe ulisita.

Wiki iliyopita, walipokwisha kurudi kutoka kuzika Mpui na matanga kuondolewa, mkewe alituma majirani wapite wakiita watu: kila aliyewahi kupigwa picha na marehemu afike. Tukajaa pale kwao. Mama wa watu akatoka na kopo la majani ya chai na ile kamera kuukuu. Ndani ya kopo mlijaa memori kadi, kila moja imeviringishwa kwenye kikaratasi chenye jina la nyumba au la shughuli. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Mume wangu aliwadanganya. Mlipokuwa mnamwambia afute, alikuwa anazima kioo tu, anasema imefutika. Kadi ikijaa alinunua nyingine sokoni. Alisema hizi ziwekwe, wenyewe watakuja kuzitafuta."

Basi ikawa kuinamia kile kioo tena. Anachomeka kadi, anaita jina, watu wanakuja. Mwanamume mmoja alimwona mkewe marehemu anatafuna, shavu limejaa pilau, akaiparamia kamera kama mtoto. Bibi mmoja akamwona kaka yake amelala kwenye kiti siku ya harusi, mdomo wazi. "Si huyu!" alikuwa anasema. "Si huyu huyu jamani!" Kila picha mbaya tuliyoikataa ilikuwa mtu wetu hasa. Zile nzuri tunazo majumbani, zimesimama wima, hazimjui mtu.

Nilikuwa nimekwenda na mjukuu wangu, yule aliyebatizwa. Yuko darasa la tano sasa. Huyu mtoto ana swali moja ambalo amenisumbua nalo tangu aanze kusema: "Bibi, mama alikuwa anachekaje?" Namwambia alicheka vizuri. Anasema vizuri vipi? Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi naishi naye nyumba moja, namsuka nywele. Alikuwa amenishika kanga, anatazama kopo likipungua.

Kopo likaisha. Mjane akanijia na kikaratasi kimoja mkononi, kimeviringishwa kama vile vingine. Nikakifungua. Ndani hamna kitu. Juu yake marehemu ameandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mtu asiyezoea kuandika, kama wangu: *Kicheko cha yule dada. Hii nilifuta kweli.* Mjane akasema, "Yako ndiyo ya mwisho kufuta, mama. Ulipokuja siku ile ukamwuliza alishindwa nini kukudanganya, alikaa hapa barazani hakula. Kesho yake ndiyo akaanza kudanganya watu."

Nimekaa na maneno hayo siku saba. Mazwi nzima imerudishiwa watu wake kwa sababu ya swali nililouliza kwa hasira, na aliyejibu nilimnyima hata marahaba. Ningekwenda kumwomba radhi asubuhi yoyote. Nyumba yake ni hatua chache kutoka kisimani ninapoteka maji. Sikwenda. Nilidhani yeye ni kijana, atakuwepo.

Siku ile, pale uani kwa mjane, mtoto akanivuta kanga. "Bibi, yetu iko wapi?" Nikamwambia haipo, nilisema ifutwe. Hakulia. Akasema, "Basi nionyeshe wewe." Na mimi, mbele ya wafiwa, na umri huu, nikarusha kichwa nyuma, nikafungua mdomo na mapengo yangu, nikacheka. Watu wakageuka wakadhani bibi ameshikwa na pepo. Mtoto akanitazama sana, kama alivyotazama yule mfugaji. "Hivyo?" "Hivyo," nikamwambia, "ila hivyo sivyo." Akaomba nirudie. Nimerudia kila siku tangu siku hiyo, na bado kicheko chake sikipati.

Siku hizi kamera ziko kwenye simu zenu, na kufuta ni rahisi kuliko kupenga kamasi. Sina elimu ya kuwafundisha kitu kingine, nina hili tu. Mwanao akitoka kwenye picha anacheka vibaya, kilemba chini, meno nje, funga mdomo wako wewe. Mwache acheke.